Tathmini ya Utendaji wa Uchakataji Pembezoni katika Tahadhari ya Matetemeko ya Ardhi: Mexico City, 1985–2017

Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 8 lililoanzia pwani ya Michoacán liliangusha majengo mengi ya Mexico City, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani hiyo, na kuua maelfu ya watu. Umbali huo haukulikinga jiji, kwa kuwa sehemu yake kubwa imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, unaokuza mitetemo. Hata hivyo, ni umbali huohuo uliozaa wazo la tahadhari. Mawimbi yanayobomoa husafiri takriban kilomita 4 kwa sekunde, ilhali ujumbe wa redio hufika papo hapo.

Mwaka 1991 taasisi ya CIRES iliwasha mfumo wa vituo 12 katika pwani ya Guerrero. Kwa istilahi ya leo huo ni uchakataji wa data pembezoni mwa mtandao, ingawa jina hilo halikuwa limeanza kutumika. Kituo hakikupeleka rekodi yake ghafi mjini ili ikachambuliwe huko. Kompyuta yake ilipima muda kati ya mawimbi ya kwanza, yaliyo dhaifu na mepesi, na mawimbi ya pili, yaliyo mazito. Ikaendelea kusikiliza hadi muda huo utimie mara mbili, ndipo ikaamua kama tetemeko ni kubwa. Kilichorushwa kwa redio kilikuwa uamuzi tu. Kengele ya umma ilihitaji vituo visivyopungua viwili viafikiane, sharti la busara katika jiji ambalo kengele ya uongo ingeweza kuwatoa mamilioni mbio.

Tarehe 14 Septemba 1995, tetemeko la Copala lenye ukubwa wa 7.3 lilitangazwa mjini sekunde 72 kabla ya mtikisiko mkali kufika. Tarakimu hiyo ikawa kipimo cha utendaji wa mfumo mzima, na hapo ndipo penye kasoro. Kilomita 300 zikigawanywa kwa 4 hutoa sekunde 75. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mafanikio ya 1995 ilitokana na jiografia. Kompyuta za vituoni zilistahili sifa kwa kutopoteza muda huo, lakini si kwa kuuzalisha.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2017, wakati mtandao ulikuwa umepanuliwa hadi majimbo mengine. Usiku wa tarehe 7 Septemba, tetemeko la ukubwa wa 8.2 lilitokea mbali kusini, katika Ghuba ya Tehuantepec, na jiji likapata zaidi ya dakika moja. Siku kumi na mbili baadaye, saa mbili hivi tu baada ya zoezi la kitaifa la kuwakumbuka waliokufa mwaka 1985, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea takriban kilomita 120 kutoka mjini. Katika maeneo mengi king'ora kililia ardhi ikiwa tayari inatikisika. Watu 369 walipoteza maisha, zaidi ya nusu yao wakiwa jijini.

Hakuna haja ya kutafuta mtambo ulioharibika ili kueleza jambo hilo. Chanzo cha tetemeko kilikuwa kina cha takriban kilomita 50, hivyo hata kituo kilichokaa juu yake kabisa kilipaswa kusubiri mawimbi ya pili yapande, kisha kumaliza hesabu, kisha kusubiri kituo kingine kithibitishe. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya pwani ya mbali ilitumia sekunde ambazo tetemeko la karibu halikuwa nazo.

Mwaka 2018 watafiti wa CIRES walichapisha kanuni inayotegemea sekunde 3 tu za mawimbi ya kwanza. Kanuni hiyo huharakisha uamuzi wa kituo, lakini hukiacha na ushahidi mchache zaidi wa kutofautisha tetemeko kubwa na la wastani.