Meli ya Mandari

Kwenye diko la Chokocho, kusini mwa Pemba, kitenzi kinachotawala ni kuvuka. Mtu anavuka kwenda Kisiwa Panza. Anasubiri maji yajae, anapakia mzigo wake, anakaa. Hapandi chombo kwa kutaka kukaa chomboni.

Nimelikumbuka diko hilo nikitafuta Kiswahili cha jambo la Scotland. Katika mfereji wa Forth and Clyde, kuanzia 1893 mpaka 1939, meli ndogo za mvuke kama Fairy Queen na Gipsy Queen zilichukua watu wa Glasgow asubuhi, zikawapitisha mashambani na kuwarudisha jioni. Hao hawakuwa wakivuka. Meli zao tuziiteje?

Kwanza huo mfereji. Kwetu Zanzibar mfereji ni pale unapokinga ndoo ya maji, na msikilizaji atashangaa meli imepitaje. Hata hivyo Suez imeshatuzoesha, na neno linafaa, mradi tuseme ni wa kuchimbwa. Maji ya Chokocho hayakuchimbwa na mtu. Yanapwa na kujaa, yana bamvua na maji mafu. Ya mfereji yametulia tu.

Chombo chenyewe kina majina mengi. Meli tumeitoa kwenye Kiingereza, kwa vyombo vilivyoleta barua. Barua zimeondoka, jina limebaki. Stima nayo ilikuwa chombo cha mvuke, leo kwa Mkenya ni umeme. Wazee walisema merikebu ya moshi, na mimi nalipenda zaidi hilo, maana linaonesha kinachoonekana kwa mbali kabla ya chombo chenyewe. Sultani Barghash alikuwa nayo moja, jina lake Glasgow, iliyoundwa huko huko Scotland mwaka 1878 na kuzamishwa na mizinga ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896.

Gumu ni ile safari. "Meli ya starehe" inanuka anasa. "Meli ya kitalii" inaleta mgeni na kamera yake. Wale walikuwa wenyeji, wengine na watoto wao, wakitoka kwa siku moja kupunga hewa. Sisi tuna neno la hilo: mandari. Watu wanabeba chakula chao, wanakwenda pwani au shamba, jua likizama wako nyumbani. Sikioni linakaa jirani na mandhari, na hiyo ndiyo hasa iliyofuatwa kule mferejini.

Basi ni meli ya mandari. Nawaomba wafasiri waliandike neno hili, maana vijana wengi sasa wanasema pikiniki.