Kusomea kazi ya kijamii: maelezo kwa vijana wa Bukavu na wazazi wao

Vijana wetu wanapopata diplome ya Serikali, wazazi wengi wa makanisa ya Bukavu huwaza udaktari, sheria au uchumi. Kazi ya kijamii hutajwa mwisho, kana kwamba ni ya aliyekosa nafasi kwingine. Wengine huidhania kuwa ni kugawa unga na mablanketi.

Tutazame Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya CEPAC, jumuiya ya 8 ya Kanisa la Kristo katika Kongo. Daktari huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, na dunia ikasikia habari za upasuaji wake. Lakini Panzi huwahudumia waliobakwa kwa njia nne pamoja: matibabu, msaada wa kisaikolojia na kijamii, msaada wa sheria, na kumsaidia mtu ajitegemee tena. Wako pale wanawake wanaoitwa Maman Chérie, ambao kazi yao ni kumpokea mgonjwa, kumsikiliza na kumsindikiza. Kisu cha mpasuaji peke yake hakimrudishi mtu nyumbani.

Je, moyo wa huruma hautoshi? Hautoshi. Chukua msichana aliyebakwa, anayekuja usiku kwa mama mchungaji. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI sharti ianzwe ndani ya saa 72. Ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120, na kuwahi ni bora zaidi. Mwenye huruma tu huenda akaomba naye, akamwogesha, akafua nguo zake, kisha akangojea Jumapili wazee washauriane. Saa zimepita, na ushahidi umekwenda na maji. Aliyesomea kazi hii atamfikisha hospitali usiku uleule kama njia ni salama, ataweka nguo katika mfuko wa karatasi, ataandika maneno ya msichana kama alivyoyasema, wala jirani hatasikia neno. Anajua pia kwamba kwa sheria ya 20 Julai 2006, kulipa faini ya mapatano hakuizimi kesi ya ubakaji. (Wazee wetu, mbuzi anayeletwa na familia ya mkosaji hamalizi mambo.)

Mambo hayo hufundishwa: saikolojia, sosholojia, sheria ya familia, sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009, namna ya kuhoji, kutunza siri na kuandika faili. Kinshasa kuna INTS, taasisi ya Serikali ya kufundisha wafanyakazi wa kijamii. Hapa Bukavu, wengi huikaribia kazi hii kupitia sayansi za jamii kwenye Chuo Kikuu cha Serikali, UOB, au maendeleo vijijini kwenye ISDR. Katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3 na master ni 2.

Kabla ya kulipa minerval, kijana aulize habari za staji: itafanyika wapi, kwa muda gani, na nani atamsimamia. Diplome bila staji nzuri ni karatasi tu.

Aulize pia habari za mshahara. Nafasi nyingi hutegemea miradi ya mashirika, na mradi ukiisha, kazi huisha. Na anayesikiliza maumivu ya watu kutwa nzima naye huchoka moyo. Ahitaji mkubwa wa kazi wa kumsikiliza. Makanisa yanayomwajiri mtu kama huyo yapange hilo mapema, pamoja na siku zake za kupumzika.