Shati la drafti limetoka mbali

Wengi wetu tuko nayo, yale mashati mepesi ya drafti ya mtumba. Vijana wengine wanayaita ya Waskoti. Siyo. Kitambaa cha Waskoti asili yake ni sufu, cha kuzuia baridi. Kivae hapa saa saba mchana utaona mwenyewe. Hiki chepesi ni pamba na kinaitwa madrasi (siyo madrasa ya Kurani!), kutokana na mji wa Madras kusini mwa India, ambao tangu 1996 unaitwa Chennai. Wafumaji wa huko hutia nyuzi rangi kwanza ndipo wanafuma, bila kubana sana, kwa hiyo hewa inapita.

Kampuni ya Waingereza, East India, ilijenga ngome yake Madras karne ya 17, ikawa inanunua vitambaa na kuvipakia melini. Sasa sikilizeni hapa. Pamba za India zilifikishwa Afrika Magharibi zikabadilishwa na watu. Yaani mtu kwa kitambaa, jamani. Watu hao wakavushwa bahari mpaka visiwa vya Karibi, na kule wanawake wakaanza kufunga vilemba vya madrasi. Leo Guadeloupe, Martinique, Dominica na Saint Lucia madrasi ndiyo vazi lao la sikukuu. Sisi tunaona hao mama ndio wenye kitambaa, kuliko ile kampuni.

Ukikuta shati la drafti kwenye mtumba, geuza ndani. Kama drafti imefifia, hiyo imechapwa tu, haikufumwa.