Kipimo cha Ufikivu wa Vijijini

Kipimo cha Ufikivu wa Vijijini ni asilimia ya wakazi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Benki ya Dunia ilikianzisha mwaka 2006 ikitegemea zaidi tafiti za kaya. Tangu 2016 hukokotolewa kwa ramani za kidijitali. Matabaka matatu ya data hupandanishwa: makazi ya watu, mtandao wa barabara na hali ya barabara hizo. La tatu ndilo gumu, kwani picha ya setilaiti iliyopigwa kiangazi haionyeshi tope la masika. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi 8 za majaribio ya mbinu hii ya ramani. Umbali hupimwa kwa mstari ulionyooka, kasoro isiyo ndogo: kijiji kilichokatwa na mto usio na daraja huweza kuhesabiwa kuwa kinafikika.