Sola ya kukunja: umeme uliotafutwa kwa ajili ya walio mbali na waya

Mwaka 1952 kampuni ya simu ya Bell, nchini Marekani, ilikuwa inasumbuliwa na joto na unyevu. Mitambo yake ya simu iliyowekwa katika maeneo ya mbali ilitegemea betri kavu, na katika nchi za joto zenye unyevu mwingi betri hizo zilikufa kabla ya siku zake. Mhandisi wa maabara za kampuni hiyo huko New Jersey, Daryl Chapin, alipewa kazi ya kutafuta umeme wa kujitegemea, utakaofanya kazi mahali ambapo hakuna waya uliowahi kufika.

Kazi aliyopewa Chapin ndiyo iliyozaa paneli za sola tunazozijua leo. Miongoni mwa hizo zimo zile za kukunja, zinazofunguliwa kama kitabu mbele ya hema, zikachaji simu, taa, redio na kompyuta ya mkononi. Wengi huzichukulia kuwa anasa ya watalii na wapanda milima. Lakini tukiifuata historia yake hatua kwa hatua, tunakuta kwamba mara nyingi aliyeisogeza mbele teknolojia hii alikuwa akihangaikia watu au vyombo vilivyo mbali na gridi. Historia hiyo inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, na ina somo kwa kila anayeingia dukani kununua.

Maarifa yaliyosubiri miaka 115

Kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1839 kijana Mfaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, aliliona jambo hilo katika maabara ya baba yake mjini Paris. Mwaka 1883 Mmarekani Charles Fritts alitengeneza seli za selenia zilizopakwa utando mwembamba wa dhahabu. Zilifanya kazi, ila ziligeuza kuwa umeme takribani asilimia 1 tu ya mwanga uliozipiga.

Chapin naye alianza na selenia, akakwama palepale alipokwama Fritts. Aliyemtoa hapo ni mwenzake Gerald Pearson, ambaye pamoja na mkemia Calvin Fuller alikuwa akichunguza silikoni. Watatu hao waliunganisha nguvu. Tarehe 25 Aprili 1954 waliwaonyesha waandishi wa habari seli ya silikoni yenye ufanisi wa takribani asilimia 6. Seli hizo zilizungusha pembea ndogo ya kuchezea na kuendesha kisambaza sauti cha redio. Ni vifaa vidogo, na tangu siku hiyo sola na vifaa vidogo vimekuwa vikitembea pamoja.

Bei ndiyo iliyokuwa kikwazo. Katikati ya miaka ya 1950 seli za kutoa wati 1 ziligharimu karibu dola 300. Kwa bei hiyo, hata kuwasha balbu moja ya kawaida ya wati 60 kungehitaji dola 18,000. Hakuna mwanakijiji wala mpiga kambi ambaye angeweza kuzinunua.

Anga za juu zafundisha kukunja

Mteja wa kwanza aliyekuwa tayari kulipa bei hiyo alikuwa angani. Setilaiti ya Marekani iitwayo Vanguard 1, iliyorushwa tarehe 17 Machi 1958, ilibeba betri ya kawaida pamoja na seli chache za sola. Betri ilikwisha nguvu katika miezi michache. Kisambazaji kilichoendeshwa na seli kiliendelea kutuma ishara hadi mwaka 1964. Baada ya hapo karibu kila setilaiti iliyotengenezwa ilitegemea jua.

Setilaiti zilipokua zilihitaji paneli kubwa zaidi, na kichwa cha roketi ni chembamba. Wahandisi wakalazimika kutafuta njia ya kupakia paneli kubwa mahali padogo kisha zifunguke zenyewe huko juu. Mwaka 1971 Jeshi la Anga la Marekani lilijaribu angani paneli laini iliyoviringishwa. Nchini Japani, Profesa Koryo Miura alibuni namna ya kukunja ambayo inaruhusu karatasi nzima kufunguka kwa kuvutwa mara moja kutoka kona mbili. Mkunjo wake ulijaribiwa kwenye chombo cha Kijapani kilichorushwa mwaka 1995.

Duniani nako bei ilianza kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkemia Elliot Berman, akifadhiliwa na kampuni ya mafuta ya Exxon, aliachana na silikoni safi kupita kiasi iliyohitajika kwa setilaiti, akatumia ya daraja la chini. Wati 1 iliyouzwa dola 100 ikashuka hadi dola 20. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa waangalizi wa maboya ya baharini na majukwaa ya mafuta katika Ghuba ya Meksiko, mahali ambapo waya haufiki.

Kutoka kioo hadi kitambaa

Paneli ya kioo na fremu ya aluminiamu haibebeki mgongoni. Ili sola ikunjike, ilibidi silikoni yenyewe ibadilike. Mwaka 1976 David Carlson na Christopher Wronski, wa kampuni ya RCA, walitengeneza seli ya silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, inayoweza kupakwa kama utando mwembamba mno. Watu wengi waliiona teknolojia hiyo kwanza kwenye kikokotoo kisichohitaji betri.

Mwaka 1988 kampuni moja ndogo katika jimbo la Iowa, ambayo sasa inajulikana kama PowerFilm, ilianza kupaka utando huo juu ya plastiki laini. Plastiki iliweza kushonwa juu ya kitambaa, na kitambaa kikakunjwa. Mteja mkubwa alikuwa jeshi, kwa sababu askari wa doria hubeba redio, na redio hula betri. Mwaka 2010 kikosi cha wanamaji wa Marekani kilipelekwa Sangin, Afghanistan, kikiwa na paneli za kukunja ili kupunguza mzigo wa betri na misafara ya kuzileta.

Utando huo ulivumilia mikunjo na joto, ila ufanisi wake ulikuwa mdogo, hivyo ulihitaji eneo kubwa. Baadaye, seli za fuwele zilipopungua bei, watengenezaji walizikata vipande vidogo, wakavifunika kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kisha wakavishonea kwenye turubai. Kila kipande ni kigumu, na mkunjo upo katikati ya vipande. Paneli nyingi za kukunja zinazouzwa leo ni za aina hii. Udhaifu wake uko kwenye mkunjo: waya unaopita hapo hukunjwa kila siku, na ndio huanza kukatika.

Somo la Meru

Kabla majeshi hayajaanza kujaribu vitambaa vya sola, Kenya ilikuwa tayari ikiandika sura yake. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins waliweka sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, Meru, badala ya jenereta. Vijana wa eneo hilo walifundishwa ufundi, na mafundi hao wakaanza kuhudumia majirani.

Miaka ya 1990 biashara ilipanuka. Wakulima wa kahawa na chai walinunua paneli ndogo za utando mwembamba, nyingi za wati 12 hivi, wakazibeba wenyewe hadi nyumbani, wakaziunga na betri ya gari ili kuwasha taa na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe. Kufikia mwaka 2000 nyumba zaidi ya laki moja nchini Kenya zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za wenyewe bila ruzuku ya serikali. Ni mambo machache katika historia ya umeme duniani yanayoweza kulingana na hilo.

Lakini watafiti, akiwemo Hankins mwenyewe, Daniel Kammen na Arne Jacobson, walipozipima paneli hizo mwishoni mwa muongo huo, waligundua kwamba baadhi ya chapa zilitoa nguvu iliyoahidiwa huku nyingine zikitoa pungufu sana ya kilichoandikwa. Mkulima aliyelipa fedha za mavuno hakuwa na njia ya kujua. Aliona tu kwamba televisheni inazima mapema, akadhani sola ndivyo ilivyo. Matokeo ya vipimo hivyo yalisaidia kusukuma viwango vya ubora nchini Kenya.

Vifaa vyapunguza ulaji

Sababu nyingine iliyoikomboa sola ndogo ni kwamba vifaa vyenyewe vilianza kula umeme kidogo. Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, nyepesi na yenye kuhifadhi umeme mwingi kuliko ile ya gari kwa uzito uleule. Taa ya LED yenye mwanga mweupe, iliyowezekana baada ya wanasayansi wa Kijapani kupata LED ya buluu, ilifanya kwa wati 8 kazi iliyofanywa na balbu ya wati 60. Ugunduzi huo uliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kisha simu ya mkononi ikaenea hadi vijijini, na kuichaji kukawa hitaji la kila siku.

Mambo hayo yalipokutana, paneli ya ukubwa wa daftari ikawa na maana. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria, waliozoea karabai na gharama ya mafuta ya taa, walianza kutumia taa za LED zinazochajiwa kwa jua. Mkunga katika zahanati isiyo na umeme naye alipata nafuu. Mwaka 2008 daktari wa uzazi Laura Stachel alishuhudia kaskazini mwa Nigeria akina mama wakijifungua gizani. Yeye na mumewe, Hal Aronson, walibuni sanduku la sola la kubebeka lenye taa na chaji, ambalo baadaye lilifika katika vituo vya afya vya nchi nyingi, Uganda ikiwemo.

Hata mojawapo ya chapa zinazojulikana zaidi kwa wapiga kambi ina chimbuko hilohilo. Robert Workman, mfanyabiashara wa Utah, alikuwa akifanya kazi za hisani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alipotafuta namna ya kuwapatia wanavijiji taa. Mwaka 2009 kazi hiyo iligeuka kuwa kampuni ya Goal Zero, iliyokuja kuuza paneli ndogo za kukunja kwa wapanda milima.

Kuitumia inavyopaswa

Huko milimani ndiko watu wengi hukosea. Paneli iliyotundikwa mgongoni mwa mpagazi anayepanda Kilimanjaro hupata jua la upande, tena kwa kukatizwakatizwa na kivuli cha mwili. Itatoa umeme mwingi zaidi ikifunguliwa kambini saa sita mchana, ielekezwe juani moja kwa moja. Kwetu karibu na ikweta, jua la mchana liko karibu utosini, kwa hiyo kuilaza chini si vibaya.

Kivuli kidogo hudhuru kuliko watu wanavyodhani. Seli huunganishwa kwa mfuatano, na tawi moja likifunika kipande kimoja, umeme wa paneli nzima hushuka. Joto nalo hupunguza nguvu, takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya 25. Pawabenki, yaani betri ya kubebeka ya kuchajia simu, isiachwe juani nyuma ya paneli, kwani joto huifupishia maisha. Na kwenye baridi kali ya kileleni, betri ya kawaida ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0.

Tufanye hesabu. Paneli ya wati 100 yenye ubora, kwenye jua zuri, hutoa wati 60 hadi 80. Kwa saa tano za jua kali, ni wati-saa 300 hadi 400. Hizo zinatosha kuchaji kompyuta ya mkononi mara mbili, simu tatu, kuwasha taa mbili za LED jioni nzima na kuzungusha feni ndogo kwa saa kadhaa. Lakini paneli hiyo haiwezi kuendesha pasi wala birika la umeme, vifaa vinavyotaka wati elfu moja na zaidi kwa mkupuo.

Kipimo cha mnunuzi

Bei imeshuka mno. Wati 1 ya seli, iliyoshuka hadi dola 20 miaka ya 1970, leo kiwandani ni sehemu ndogo ya dola 1, hasa baada ya China kuanza uzalishaji mkubwa miaka ya 2000. Sola ya kukunja iko Kariakoo, Dar es Salaam, na iko Nairobi. Pamoja nayo umerudi ule udanganyifu wa miaka ya 1990: wati zilizoandikwa kwenye boksi ni nyingi kuliko zinazotoka.

Safari hii mnunuzi anaweza kujilinda kwa karatasi ya A4. Jua kali la mchana humwaga takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Seli bora zinazouzwa kwa kawaida hugeuza kati ya asilimia 22 na 24 ya hizo kuwa umeme. Karatasi ya A4 ina eneo la mita za mraba 0.062. Basi seli zinazoenea A4 moja haziwezi kuzidi wati 15, awe ametengeneza nani. Ukikuta paneli ya ukubwa huo imeandikwa wati 30 au 50, irudishe mezani.

Mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yana wajibu wa kuzipima bidhaa hizi kabla hazijafika dukani, na kutangaza wazi zilizoshindwa. Mfanyabiashara ana wajibu wa kuandika ukweli kwenye boksi. Nawe msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, hesabu A4 ngapi zinaenea kwenye seli, zidisha kwa 15, kisha linganisha na kilichoandikwa.