Kitaa cha swichi janja: namna ya kukizima, na mahali pa kukiacha

Swichi za ukutani zinazoendeshwa kwa simu zimeanza kuzoeleka, hasa zile za kioo unazogusa kwa kidole. Mchana hakuna anayekiona kitaa chake. Ukizima taa ya chumba ulale, kinukta kile cha bluu kinageuka kurunzi. Je, kinazimika?

Kwa swichi nyingi kinazimika, tena bila kushika bisibisi.

Kitaa kina kazi zake. Kinakuonyesha swichi ilipo gizani. Kinaeleza kama taa usiyoiona, ya uani au ya stoo, imewaka. Na kikipepesa, mara nyingi swichi inatafuta mtandao wa Wi-Fi. Rangi zisikuchanganye: swichi moja huonyesha nyekundu taa ikiwaka na bluu ikizimwa, nyingine ni kinyume chake.

Bluu ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu jicho lililokwisha kuzoea giza huiona vizuri kuliko nyekundu. LED ya bluu ni kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Bila hiyo tusingekuwa na balbu za LED za mwanga mweupe, kwa hiyo tusiilaumu sana.

Sasa fungua programu uliyotumia kuunganisha swichi, gusa jina la swichi, kisha ingia kwenye mipangilio. Kwenye Kasa tafuta neno LED. Kwenye Smart Life, inayotumiwa na swichi nyingi zisizo na majina makubwa, tafuta Indicator au Backlight. Hapo mara nyingi utachagua: kitaa kizimwe kabisa, kifuate taa, au kiwake taa ikizimwa ili uione swichi. Kwa Sonoff, ndani ya eWeLink, kinachozimwa ni kitaa cha mtandao. Kikirudi chenyewe na kuanza kupepesa, kagua Wi-Fi kwanza.

Usipoona kipengele hicho, sasisha programu uangalie tena. Kikikosekana kabisa, kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme kinatosha, ila usizibe sehemu ya kugusa. Kufungua swichi ili ukate kitaa sishauri: ndani mna umeme wa volti 230, na dhamana ya kifaa itapotea kwa kinukta tu.

Hapa kuna jambo la hatari. Ukishakizima kitaa kwenye programu, swichi inaonekana imekufa, lakini nyaya zake bado zina umeme. Anayekuja baadaye kubadilisha balbu au kupaka rangi hajui hilo. Kazi yoyote kwenye swichi ianze kwa kuzima meini swichi, kisha kupima kwa testa.

Wapo wanaolalamikia kitu kingine: balbu yenyewe inabaki na mwanga hafifu, au inacheza, hata ikizimwa. Hilo halirekebishwi kwenye simu. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa nyutro kwenye boksi la swichi, kwa hiyo swichi janja isiyohitaji nyutro hupitisha umeme kidogo kwenye balbu ili ibaki hai. Balbu ya LED inatosheka na kidogo hicho. Dawa yake ni kapasita ndogo, ambayo baadhi ya swichi huja nayo kwenye pakiti. Fundi huifunga kwenye balbu, si kwenye swichi.

Kuhusu bili, usihangaike. Hata kitaa kingekula sehemu ya kumi ya wati usiku na mchana, mwaka mzima hakifikishi uniti moja.

Kwa hiyo zima vya vyumba vya kulala. Cha korido ya kwenda chooni kiache, hasa kama nyumbani kuna mzee anayeamka usiku na kupapasa ukuta.