Uwanja wa Gofu Ulio Mali ya Mji

Katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki mchezo wa gofu uliingia pamoja na ukoloni, ukachezwa nyuma ya ua. Mwafrika aliyeonekana uwanjani aghalabu alikuwa mbeba fimbo au mkata majani. Ndiyo maana wengi wetu huamini kwamba gofu tangu asili ni mchezo wa mabwana. Historia ya mji mdogo wa St Andrews, Uskoti, yatuonyesha vingine.

Kando ya bahari mji huo una ardhi ya mchanga isiyofaa jembe. Wenyeji walilisha mifugo humo, tena wakacheza. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton, aliyetaka kufuga sungura mahali hapo, alikubali kwa hati kwamba watu wa mji wana haki ya kuitumia ardhi hiyo kwa malisho na kwa michezo, gofu ikiwamo.

Hakuna fundi aliyeuchora uwanja ule tangu mwanzo. Njia zake zilifuata mabonde na vilima vya mchanga. Wachezaji walikwenda hadi mwisho, kisha wakarudi kwa njia ile ile. Walipozidi kuwa wengi, viwanja vidogo vya majani mafupi, ambamo mashimo huchimbwa, vilipanuliwa. Hata leo saba kati ya hivyo vina mashimo mawili mawili, moja la waendao na moja la warudio. Mwaka 1764 safari ya mashimo 22 ilipunguzwa ikawa 18, na hesabu hiyo baadaye ikafuatwa duniani kote. Barabara ya umma nayo yakatiza uwanjani, mbele ya shimo la mwisho.

Walakini hati haijilindi yenyewe. Mwaka 1797 baraza la mji, lililoelemewa na madeni, liliiuza ardhi hiyo. (Baraza lenye madeni, popote lilipo, ni jepesi kuiona ardhi ya wote kuwa haina mwenyewe.) Haukupita muda wafanyabiashara wakaifanya shamba la sungura, na sungura wakauchimbua uwanja wote. Wenyeji walishindana nao mahakamani, hata kwa mikono, mpaka mwaka 1821, pale James Cheape, mwenye shamba la jirani na mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi na kuwaondoa wafuga sungura. Lakini huo ulikuwa wema wa mtu mmoja, wala haukuwa haki ya mji. Haki yenyewe ilirudi mwaka 1894, wakati sheria ya Bunge ilipouwezesha mji kuinunua ardhi yake upya. Tangu mwaka 1974 uwanja husimamiwa na wadhamini waliowekwa kwa sheria.

Siku ya Jumapili, isipokuwa nyakati za mashindano makubwa, gofu haichezwi katika uwanja huo wa kale. Wenyeji hutembea humo pamoja na watoto na mbwa wao, wakakanyaga majani yale yale ambayo wageni husafiri kutoka mbali ili kuyachezea.